Kwa nini bajeti ikibana vyuo vikuu vya umma ndo vinakatwa kwanza?

KemiaMwaka3

Habari za saa hizi wakuu, naomba msaada maana nimesoma vitabu vya bajeti wiki nzima na bado sijapata jibu ninaloweza kulisimamia mbele za watu. Nasoma kemia chuo kikuu cha umma, nchi siitaji jina maana nimeongea na wanafunzi wa nchi nyingine tatu na wote wananiambia yale yale. Serikali ya wanafunzi imetupa kazi watu watano tuandike waraka kwa kamati ya bunge ya elimu kuhusu ruzuku ya vyuo, mimi nimepewa sehemu ya sababu.

Ili mjue naongelea nini, juzi tulikuwa na praktiko ya titresheni, bureti (ule mrija wa kupimia kimiminika) moja watu wanane. Mmoja ameshika koki anafungulia tone moja moja, mwingine anatikisa chupa, sisi sita tumesimama nyuma yao tunasubiri watamke namba tuandike kwenye daftari. Rangi ilipobadilika mimi sikuiona, nilisikia tu mtu anasema ishirini na tatu nukta nne nikaandika. Na cheti changu kitasema najua titresheni. Inaniuma kwa kweli.

Nikiuliza naambiwa hela hakuna. Sawa, lakini mwaka huo huo ambao hela haikuwepo shule za msingi zilibaki na bajeti yao ile ile, afya ikaongezewa kidogo, sisi tukapunguzwa. Maana yake kuna mtu mahali ameangalia wote watatu akaamua wa kupunguzwa ni chuo. Huyo mtu anaangalia nini? Naomba mifano ya kweli, lawama tunazo za kutosha.

mzee_wa_kasma

Mwanangu umelenga penyewe. Mimi nimekaa ofisi ya mipango na bajeti ya chuo cha umma miaka 19 mpaka nikastaafu, nitakueleza nilichokiona.

Watu wanasema keki ya taifa kana kwamba inaletwa mezani ikiwa nzima kila mtu anakuja na sahani yake. Haiko hivyo, inakuja imeshamegwa sehemu kubwa. Deni na riba vinalipwa kwanza, hapo hakuna mjadala maana usipolipa mwaka huu mwakani hukopesheki. Halafu mishahara na pensheni. Halafu vile ambavyo katiba au sheria imeshasema vipewe kiasi fulani. Kinachobaki ndo wanakaa kukigombania na sehemu kubwa ya hela ya chuo kikuu iko huko kwenye kinachobaki, pamoja na barabara na miradi. Kwa hiyo hata nchi ikikusanya kodi vizuri tu, deni likiongezeka kwa kasi kuliko kodi, chuo kinaumia bila mtu yeyote kukichukia.

Jambo la pili ndo naona watu wengi hawalisemi. Chuo kina mfuko wa pili. Hospitali haiwezi kumwambia mtu anayevuja damu achangie zaidi kidogo, gereza halimtozi mfungwa, shule ya msingi nchi nyingi imeshatangazwa bure na hakuna mwanasiasa atakayethubutu kurudi nyuma. Chuo kinaweza kupandisha ada. Hazina wanalijua hilo kuliko wewe unavyojua meza ya elementi.

Tulikuwa tunaingia kwenye kikao cha bajeti na kitabu cha kurasa karibu mia, vitivo vyote vimeandika mahitaji, tumekesha siku tatu kukipanga. Ofisa wa upande wa pili anakipokea, ukurasa wa kwanza hausomi, anafunua moja kwa moja kwenye jedwali la mapato ya ndani, yaani ada, hosteli, ushauri elekezi, anaweka kidole kwenye jumla, anaitoa kwenye mahitaji yetu, tofauti inayobaki ndo tunaanza kuijadili. Kuna mwaka tulijitahidi sana kukusanya ada za wadaiwa sugu, tukafanikiwa, mwaka uliofuata ruzuku ikashuka karibu kiasi kile kile tulichokiongeza. Nilikaa kwenye gari parking nikashindwa kuwasha injini.

Kuna mtaalamu wa bajeti wa Marekani anaitwa Harold Hovey, mwaka 1999 alilieleza hili akaliita gurudumu la kusawazisha, kwamba uchumi ukiwa mzuri vyuo vinaongezewa kuliko wengine, ukiwa mbaya vinakatwa kuliko wengine, yaani hesabu za jimbo zima zinasawazishwa mgongoni mwa chuo. Alikuwa anaongelea majimbo ya kwao ila mimi nilikuwa naona hicho hicho mezani kwangu.

Bi_Takwimu

Shikamoo mzee. Naongezea hapo hapo kwenye Marekani maana wana majimbo 50, sarafu moja, sheria tofauti tofauti, kwa hiyo ukitaka kuona sababu moja moja inavyofanya kazi ni mahali pazuri pa kuangalia.

Karibu majimbo yote sheria inayabana yasawazishe bajeti ya kawaida, hayawezi kukopa ili kuziba pengo la mwaka kama serikali kuu inavyofanya. Kwa hiyo mdororo wa 2008 ulipokuja kodi zikaporomoka, lazima kitu kikatwe mwaka huo huo. Sasa chukua kalamu upige hesabu hii. Medicaid ni bima ya afya ya watu wenye kipato cha chini na serikali kuu inachangia sio chini ya nusu ya gharama. Jimbo likitaka kuokoa dola 1 ya kwake huko, linapoteza angalau dola 1 nyingine ya serikali kuu. Likikata dola 1 ya chuo linaokoa dola 1, hakuna inayopotea juu yake. Wewe ungekuwa gavana ungekata wapi? Hiyo sio roho mbaya, mfumo ndo umepangwa hivyo.

Ukitaka mfano wa kinga ya kisheria angalia California. Mwaka 1988 wapiga kura walipitisha Proposition 98 inayozihakikishia shule na vyuo vya jamii vya miaka miwili kiwango cha chini cha bajeti ya jimbo. Vyuo vikuu vya jimbo, yaani University of California (UC) na California State University (CSU), haviko ndani ya hiyo kinga. Elimu hiyo hiyo, jimbo hilo hilo, mmoja yuko ndani ya uzio mwingine yuko nje, na mvua ikinyesha unajua nani analowa.

Na kwamba sheria inaweza kuzuia tuliona 2009. Serikali kuu ilipotoa hela za kunusuru uchumi iliweka sharti kwamba jimbo linalozitaka lisishushe ruzuku ya vyuo chini ya kiwango cha mwaka wa fedha 2006. Kuna majimbo yalikata mpaka pale kwenye mstari yakasimama. Mstari usingekuwepo sidhani kama wangesimama.

Halafu usisahau siasa ya mapato yenyewe, sio matumizi tu. Alaska inategemea mafuta. Bei ilishuka, gavana Mike Dunleavy alikuwa ameahidi wananchi gawio kubwa zaidi la mfuko wa mafuta, 2019 akaondoa kama dola milioni 130 za chuo kikuu cha jimbo, karibu asilimia 41 ya kile jimbo lilichokuwa linatoa, kwa mwaka mmoja. Watu wakapiga kelele wakaafikiana iwe milioni 70 kwa miaka mitatu. Hapo chuo kilikuwa kinashindana na hundi inayoingia mkononi mwa kila mpiga kura, na shindano la namna hiyo chuo kinalishinda mara chache sana.

KemiaMwaka3

Aisee asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichokipata maktaba. Shikamoo mzee wa kasma, hiyo ya kidole kwenye jedwali nimeisomea wenzangu kwenye kikao wote wakanyamaza.

Sasa kama tatizo ni kwamba chuo hakina uzio, si tuandike tu kwenye waraka kwamba tunataka asilimia maalum ya bajeti iwekwe kwenye sheria? Tukapige kelele kwa hilo moja tu.

MtafitiMkaidi

Hapo kwenye asilimia nenda polepole kaka, nimefuatilia sana Brazil, nikueleze.

Jimbo la São Paulo tangu 1989 vyuo vyake vikuu vitatu, USP, Unicamp na Unesp, vinapewa sehemu maalum ya kodi ya mzunguko wa bidhaa na huduma, na tangu 1995 sehemu hiyo ni asilimia 9.57. Vikapata na uhuru wa kupanga matumizi vyenyewe. Ni kitu kizuri sana, rekta, yaani mkuu wa chuo, hapigi magoti kila mwaka, anapanga mambo ya miaka mitano mbele, na vyuo hivyo vimekua mpaka vikawa vinara wa utafiti Amerika ya Kusini. Lakini asilimia ya kodi ni asilimia ya kodi. Uchumi ulipodorora kuanzia 2014 makusanyo yakayumba, USP walikuwa wameajiri na kupandisha mishahara miaka ya neema, wakajikuta mishahara peke yake inazidi asilimia 100 ya kile kinachotoka jimboni. Ikabidi waanzishe mpango wa watu kuondoka kwa hiari na kula akiba. Kwa hiyo asilimia inakukinga na mwanasiasa, haikukingi na uchumi.

Upande wa shirikisho ndo funzo kubwa zaidi. Katiba yao ya 1988 inasema serikali kuu itumie angalau asilimia 18 ya mapato ya kodi kwenye elimu. Umeona, uzio upo tena kwenye katiba. Lakini Desemba 2016 wakabadilisha katiba wakaweka ukomo wa matumizi ya serikali kwa miaka 20 usizidi mfumuko wa bei, na 2019 serikali ikazuia karibu asilimia 30 ya matumizi yasiyo ya lazima ya vyuo vikuu vya shirikisho, wanafunzi wakajaa barabarani. Sasa tazama hapo kwenye "yasiyo ya lazima". Mishahara ni lazima, pensheni ni lazima, haiguswi. Kilichozuiwa ni umeme, maji, usafi, matengenezo, vifaa vya maabara.

Nadhani hapo ndo jibu la bureti yako lilipo. Mchezo ule ule mzee aliouelezea kwa serikali nzima unarudiwa ndani ya chuo. Serikali inalipa kwanza kile ambacho isipolipa kuna mtu wa kuibana, kinachobaki inakata. Chuo nacho kinapokea pungufu, kinalipa kwanza mishahara maana wafanyakazi wana chama na mikataba, kinachobaki kinakata. Idara nayo hivyo hivyo. Hela ikifika mwisho wa mnyororo inakutana na bureti, na bureti haina chama wala haiendi mahakamani.

Tunu_K

Mmeeleza hesabu vizuri ila kuna mawazo nyuma ya hesabu na mkiyaacha kamati ya bunge itawageuzia hayo hayo mawazo usoni.

Miaka ya 1980 wachumi wa Benki ya Dunia, anayejulikana zaidi ni George Psacharopoulos, walipiga hesabu za faida ya elimu wakasema kwa nchi maskini shilingi ukiiweka shule ya msingi inairudishia jamii zaidi kuliko ukiiweka chuo kikuu, na mhitimu wa chuo faida kubwa anaichukua yeye mwenyewe kwa mshahara, kwa hiyo achangie. Nchi nyingi za Afrika wakati huo zilikuwa kwenye marekebisho ya kiuchumi, zinahitaji mikopo, hoja ikageuka sera. Posho za wanafunzi zikaondolewa, uchangiaji ukaingia, vyuo vikaachwa vichakae. Benki yenyewe baadaye ilibadilisha msimamo, ripoti ya jopo la mwaka 2000 iliyoiandaa pamoja na UNESCO ilikiri kwamba njia ile ya kukokotoa faida haioni mchango mpana wa vyuo, utafiti, wataalamu, uongozi. Lakini wazo likishaingia kwenye mazoea ya watu wa bajeti halitoki kwa ripoti moja. Mpaka leo ukienda utaambiwa wanaofika chuo ni wachache na wengi wao ni watoto wa wenye nacho, kwa nini mkulima alipe kodi kwa ajili yao. Na ni hoja nzito, msiidharau, jiandaeni nayo kwa takwimu za nani kweli yuko madarasani kwenu.

Ukiangalia nchi tajiri utaona utajiri hauamui peke yake. England ilianza ada ya pauni 1,000 mwaka 1998, ikawa 3,000 mwaka 2006, ikawa 9,000 mwaka 2012, na safari hiyo ya mwisho ruzuku ya ufundishaji kwa masomo mengi ya sanaa na jamii ikaondolewa karibu yote. Scotland, taifa jirani ndani ya Uingereza hiyo hiyo, wanafunzi wake wa shahada ya kwanza hawalipi ada. Ujerumani baada ya hukumu ya mahakama ya katiba ya 2005 majimbo kadhaa yaliweka ada, wapiga kura wakakasirika, jimbo moja baada ya jingine likafuta, la mwisho Lower Saxony mwaka 2014. Hela hazikutofautiana sana hapo, kilichotofautiana ni watu walikubali nini.

Na wanafunzi wenyewe wanahesabika kama sababu. Afrika Kusini Oktoba 2015 waliandamana mpaka rais Zuma akatangaza ada ya 2016 haitapanda hata kidogo, na Desemba 2017 akatangaza elimu ya chuo bila ada kwa wanaotoka kaya zenye kipato kisichozidi randi 350,000 kwa mwaka. Chile maandamano makubwa yalikuwa 2011, kufika 2016 wanafunzi wa nusu ya chini ya kipato wakaanza kusoma bila ada. Hapo hakukuwa na fomula yoyote iliyobadilika kwanza, ni serikali ilipima gharama ya kukataa ikaona ni kubwa kuliko gharama ya kukubali.

mhadhiri_wa_jioni

Nakubaliana na Tunu karibu kote, ila mimi nafundisha na nitasema la upande wetu ambalo hatupendi kulisema.

Gharama za chuo zinapanda hata kama hakuna mtu anayeiba. William Baumol alilieleza hili miaka ya 1960 kwa mfano wa wanamuziki wanne, wanahitaji muda ule ule kupiga kipande kile kile kama karne iliyopita, lakini mishahara yao lazima ifuate ya kiwandani ambako mashine zimeongeza uzalishaji. Kusahihisha insha 60 kunanichukua muda ule ule uliomchukua mwalimu wangu. Mtu wa hazina anaona gharama zinapanda kila mwaka na hajaonyeshwa kilichoongezeka, anaanza kuamini tunatapanya. Na vyuo vingine kweli vinatapanya, vinafungua matawi na kozi bila hesabu, hilo nalo linatunyima heshima mezani.

Pili idadi. Serikali inaweza kukuonyesha kwamba ruzuku imeongezeka na ikawa inasema kweli, huku udahili umeongezeka mara mbili yake. Kwenye waraka wenu msiandike ruzuku ni kiasi gani, andikeni ni kiasi gani kwa mwanafunzi mmoja na mtoe mfumuko wa bei. Na muangalie inagawanywaje. Mkipewa kwa kichwa tu, mwanafunzi wa kemia na wa sheria kiasi kimoja, chuo chenye akili kitadahili sheria na maabara zitakufa polepole. Kenya walilitambua hilo ndo wakaja na mfumo wa gharama kwa kila aina ya kozi, ambao kwenye makaratasi ni mzuri, shida ni kwamba serikali ilikuwa inatoa pungufu ya asilimia iliyoahidi, madeni ya vyuo yakarundikana, na 2023 wakabadilisha tena kwenda ufadhili na mikopo kulingana na uwezo wa familia.

Kenya hiyo hiyo inaonyesha huo mfuko wa pili mzee anaousema ukitoboka inakuwaje. Kwa miaka vyuo vya umma viliishi kwa wanafunzi wanaojilipia, kama Makerere ilivyoanza Uganda 1992, majengo yakajengwa, mishahara ikalipwa. Mtihani wa sekondari wa 2016 ukasimamiwa kwa ukali, waliofikisha alama ya kuingia chuo kikuu wakashuka mpaka chini ya 90,000, serikali ikaweza kuwachukua wote kwa ufadhili wake, wengine ikawapeleka mpaka vyuo binafsi. Wanaojilipia wakayeyuka ndani ya miaka michache. Ruzuku ilikuwa imeshapunguzwa zamani kwa sababu mfuko wa pili upo, mfuko ulipoisha ruzuku haikurudi pale ilipokuwa.

Tena msisubiri hali mbaya ndo muamini inaweza kukatwa. Japani 2004 vyuo vikuu vya taifa vilipewa hadhi ya mashirika yanayojiendesha, vikaambiwa uhuru umekuja, na ruzuku ya uendeshaji ikawa inapunguzwa karibu asilimia 1 kila mwaka kwa zaidi ya miaka kumi. Asilimia 1 hakuna anayeandamana. Waliokosa ajira za kudumu ni watafiti vijana.

KemiaMwaka3

Jamani nimewasoma wote mara mbili. Basi nimebadilisha mpango, tunaomba vitu vitatu badala ya kimoja. Kwanza mapato ya ndani yasitumike kupunguza ruzuku kwa angalau miaka mitatu baada ya chuo kuyaongeza, hiyo nimeitoa kwenye hadithi ya mzee. Pili mstari wa chini kwa kila mwanafunzi, uliotolewa mfumuko wa bei, kama lile sharti la 2009. Tatu, ndani ya ruzuku kuwe na kasma (fungu) ya maabara ambayo chuo chenyewe hakiruhusiwi kuihamisha, maana Mkaidi amenifungua macho kwamba hata tukishinda hazina tunaweza kushindwa huku ndani.

Kuna kitu nimesahau kabla hatujapeleka?

mzee_wa_kasma

Marahaba wote. Kipo kimoja, tarehe. Kiasi kilichopitishwa na bunge sio kiasi kinachoingia benki, na kinachoingia hakiingii siku uliyoahidiwa. Nimeona mwaka ambao hela ya vifaa ya robo ya kwanza ilifika wiki mbili kabla ya kufunga mwaka wa fedha, taratibu za manunuzi haziishi kwa wiki mbili, ikarudishwa yote, na mwaka uliofuata tukaambiwa mbona za mwaka jana hamkuzitumia, tukapunguziwa. Nenda ofisi ya fedha ya chuo uombe jedwali la miaka mitano lenye safu tatu tu, kilichopitishwa, kilichoingia, na tarehe kilipoingia. Wana hilo jedwali. Wakikusumbua mwambie mwenyekiti wa kamati aliombe yeye kwa barua, atapewa. Na kwenye jedwali hilo tafuta bureti zenu ziliagizwa robo gani.